Mali bila daftari: namna ya kukusanya maneno ya kuchekesha unayokutana nayo mtandaoni

Kila nikituma kauli ya kuchekesha kwenye kundi la familia, maswali ni yaleyale. Unayatoa wapi haya maneno? Unayakumbukaje? Mbona mimi nikiona kitu kizuri leo, kesho sijui hata nilikiona wapi? Shemeji yangu peke yake ameniuliza mara nne, na mara zote nne nilimjibu kwa sauti nikiwa naendelea na shughuli zangu, kwa hiyo hakuambulia kitu. Naandika hapa mara moja. Akiuliza ya tano, namtumia hii.

Lililo kubwa nalitanguliza, ili ukiishia njiani uwe umelibeba. Kuona maneno mazuri si kazi, yamejaa tele. Kazi ni kuandika yametoka wapi na wewe ulicheka nini, tena dakika ileile ulipocheka. Ukisema utaandika baadaye, utabaki na sentensi moja kavu ambayo mwezi ujao hata wewe mwenyewe utaiangalia ujiulize ilikuwa na nini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu uliyonayo. Huhitaji mpya.
- Mahali pamoja pa kuandikia: programu ya maandishi iliyo ndani ya simu, Google Keep, au WhatsApp, ambayo tangu mwishoni mwa 2022 inakuruhusu kujitumia meseji mwenyewe.
- Daftari la karatasi, kama unapenda kuandika kwa mkono. Si lazima, ila mimi ninalo.
- Bando kidogo. Maandishi hayali bando. Kinachokula ni mafaili makubwa ya PDF, na hayo subiri ufike penye waifai.
- Nusu saa mara moja kwa wiki.
- Mtu mmoja asiyecheka ovyo. Wangu ni mama mdogo. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Chagua kapu moja tu

Wanaoanza huwa na makapu sita: skrinshoti kwenye simu, meseji zilizowekwa nyota, kurasa zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, video zilizopendwa, karatasi kwenye pochi, na kichwa. Siku unapotafuta, unatafuta sehemu sita. Chagua moja leo. Kila unachokiona, popote utakapokiona, kiishie humo.

Usihangaike kutafuta programu bora kuliko zote. Nawajua watu waliojaribu programu saba na wana kauli tatu. Sharti langu kwa kapu ni moja: maandishi yake uweze kuyatoa na kuyapeleka kwingine bila kubembeleza mtu. Pocket, iliyokuwa ya Mozilla, ilitumiwa na watu wengi kuhifadhi makala za kusoma baadaye, na ilifungwa Julai 2025. Waliowahi kutoa vitu vyao walivitoa. Faili la maandishi matupu halifungwi na mtu.

Hatua ya 2: Soma pasiposomwa na wengi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Ukisoma kile kile ambacho kila mtu amekisoma asubuhi, utakusanya kile kile ambacho kila mtu ameshakituma kufikia saa nne. Maneno mazuri hukaa sehemu ambazo mwandishi wake hakukusudia kuchekesha, au alikusudia lakini mbele ya watu wachache.

*Majadiliano ya Bunge.* Hii ndiyo siri yangu kubwa na naitoa bure. Bunge la Tanzania huweka mtandaoni taarifa zake za majadiliano, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na ukumbi ukicheka, mwandishi wa taarifa huandika kwenye mabano: *(Kicheko)*. Yakipigwa makofi huandika *(Makofi)*, na vikija pamoja, *(Makofi/Kicheko)*. Maana yake kuna mtu ameshakuwekea alama kila mahali palipochekesha. Fungua faili la siku moja, tafuta neno "Kicheko", kisha ruka kutoka alama moja kwenda nyingine. Kikao cha saa nyingi unakimaliza kwa dakika kumi.

Tahadhari tatu hapo. Kwanza, alama hukaa mwisho wa aya, na mara nyingi kilichochekesha kilianzia kwenye swali la mbunge mwingine juu zaidi, kwa hiyo panda mpaka ulione swali. Pili, wasemaji hurudia "Mheshimiwa Spika" au "Mheshimiwa Mwenyekiti" karibu kila wanapovuta pumzi. Ukinukuu aya nzima utachosha watu, chukua sentensi unayoihitaji. Tatu, ukumbi ukicheka haina maana wewe utacheka. Kuna vicheko vingi vya adabu mle. Na ukitafuta neno ukaambiwa halimo kabisa kwenye faili la kurasa mia, huenda faili hilo ni picha za kurasa, si maandishi. Hamia siku nyingine.

*Khanga.* Wauza khanga siku hizi hupiga picha doti nzima na kuibandika mtandaoni, jina likisomeka vizuri. Jina la khanga ni kauli iliyokwisha kuchujwa: lazima itoshe kwenye mstari mmoja, imchome mtu, na mvaaji akiulizwa aweze kusema "ni nguo tu jamani." *Wape vidonge vyao, wakimeza wakitema shauri yao. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Japo sipati tamaa sikati. Sisi sote abiria, dereva ni Mungu.* Hizo unazijua tangu utotoni, lakini tazama wauzaji wa miji mitatu tofauti uone kama hutakutana na usizozijua.

Kuna kosa moja hapa ambalo nimeliona kwa wageni wa jambo hili, hasa wanaojifunza Kiswahili wakiwa mbali. Wanakuta "Mali ya Abdulla" imechapwa kwenye khanga wanaiandika kama msemo, halafu wanahangaika kutafuta maana iliyofichika, Abdulla ni nani na mali yake ni ipi. Hiyo si jina la khanga. Ni alama ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Jina lenyewe liko kwenye kisanduku chake, upande wa chini wa mji, yaani ule uwanja wa katikati ya khanga.

*Matangazo madogo na maoni ya wanunuzi.* Mtu anayeuza friji lake mwenyewe huandika vizuri kuliko kampuni, kwa sababu anataka kusema kweli lakini si kweli yote. Soma sababu za kuuza. Soma maoni ya watu waliotoa nyota moja. Pia soma maoni chini ya mapishi, ambapo mtu hana mayai, hana maziwa, hana oveni, ameweka viazi, na analalamika keki haikutoka.

*Maelekezo ya bidhaa* yaliyogeuzwa kuwa Kiswahili na mashine. Mwaka jana nilisoma karatasi nzima ya feni nikiwa nimesimama, sikukumbuka hata kuiwasha.

*Kamusi za zamani.* Kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa London mwaka 1882, na leo inasomeka bure mtandaoni kwa picha za kurasa. Wazee wale hawakuishia kutoa maana ya neno. Waliweka na mfano wa sentensi, na mifano ile ni ya watu walioishi kweli, wanadai deni, wanagombana, wanasafiri. Mkusanyaji mwenzetu wa zamani, William Taylor, naye alitoa mwaka 1891 kitabu cha misemo ya Kiswahili, na kila msemo akautafutia maelezo. Hilo la maelezo ndilo nitakalokutaka ulifanye kwenye hatua ya nne.

Magazeti na kurasa za michezo sizisemi sana. Huko unakwenda tayari.

Hatua ya 3: Nakili neno kwa neno

Bonyeza, shikilia, nakili, bandika. Usiandike kwa kukumbuka. Kichwa cha binadamu kinapenda kusahihisha, na kikisahihisha kinaua. Kama mtu ameandika "nimechoka mpk kivuli changu kimekaa chini", iache "mpk" kama ilivyo. Kama hakuweka nukta, usimwekee. Khanga nyingi hazina mkato wala nukta, na pale unapoamua kuweka mkato ndipo umeamua maana. Mimi hapo juu nimeweka mikato ili usome kwa urahisi. Kwenye daftari langu haimo.

Lahaja vilevile. Usimsahihishe mtu wa Lubumbashi awe mtu wa Unguja, wala Sheng ya Nairobi usiigeuze lugha ya darasani. Kama unaona wasomaji wako hawataelewa, andika maelezo chini yake, maneno yenyewe uyaache.

Ukikata kitu katikati, weka nukta tatu ili ujue umekata. Ukiacha kosa la mwandishi makusudi, andika pembeni "kama ilivyo", la sivyo baada ya mwaka utadhani ni kosa lako na utalirekebisha.

Kosa la kawaida: skrinshoti. Skrinshoti ni raha ya sekunde moja. Haitafutiki kwa neno, inajaza simu, na mara nyingi hukata juu palipokuwa na jina na tarehe. Ikiwa maneno yako kwenye picha na hayanakiliki, kama ilivyo kwa khanga, tumia Google Lens kuyasoma kutoka kwenye picha, kisha hakiki herufi kwa herufi. Inapokosea huwa inakosea kwa kujiamini.

Hatua ya 4: Andika mambo manne, sasa hivi

Chini ya kila kauli weka: nani, wapi, lini, na nilicheka nini. Mfano huu nimeutunga ili nisimwanike mtu:

> "Nauza kabati la milango mitatu. Mlango wa tatu haufungi lakini hauna kelele."
> Nani: muuzaji, simjui
> Wapi: tangazo la vyombo vilivyotumika (na kiungo cha ukurasa)
> Lini: 14 Machi, usiku
> Nilicheka nini: anausifu mlango mbovu kama mtu anayemtafutia mchumba ndugu yake asiye na kazi

Ule mstari wa nne ndio watu wanauruka. "Si nitakumbuka tu." Hutakumbuka. Nina kauli moja kwenye daftari la zamani, maneno matatu tu: "Basi mlete mbuzi." Nimeipigia mstari mara mbili, na pembeni nimechora uso unaolia kwa kicheko. Sijui nani alisema, sijui mbuzi wa nini. Nimewauliza watu wote waliokuwa karibu nami mwaka ule. Kuna siku nilicheka mpaka nikachora, na leo siwezi kucheka hata kidogo.

Tarehe iandike mbili ikiwezekana: siku uliyoiona wewe, na siku iliyoandikwa. Kauli kuhusu bei ya sukari bila mwaka haina maana, kwa kuwa bei ya sukari ni kilio cha kila mwaka.

Hatua ya 5: Umeupenda ukurasa? Uhifadhi

Kurasa hufutwa. Tangazo la kabati litaondoka kabati likiuzwa. Kwa kile unachokipenda hasa, fungua Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za mtandao iliyo wazi kwa umma tangu 2001, bandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya kuhifadhi, usubiri. Utapewa kiungo kipya chenye tarehe. Kiweke kwenye "wapi".

Kurasa zinazodai uingie kwa nywila kwa kawaida hazihifadhiki huko. Kwa hizo, skrinshoti inaruhusiwa, ikiwa ni ushahidi tu. Maneno yenyewe bado uyaandike.

Usihifadhi kila kitu namna hii. Utachoka siku ya tatu.

Hatua ya 6: Iache ipoe, kisha chuja

Mara moja kwa wiki, mimi huwa Jumapili jioni, soma ulichokusanya. Utashangaa jinsi vitu ulivyovicheka Jumanne vilivyo baridi. Kauli ya mtandaoni ni kama chapati. Nyingine hupashwa moto ikawa sawasawa, nyingine ikishapoa ni kandambili.

Futa bila huruma. Mimi nikikusanya ishirini hubaki na nne au tano. Ninazosita juu yake humsomea mama mdogo kwa simu, bila utangulizi, bila kusema "hii inachekesha sana". Akinyamaza kisha akauliza "enhe, halafu?", naifuta. Akicheka, naiweka. Akisema "huyo mtu ana adabu kweli?", naiweka na nyota.

Usimchague mtu anayekupenda sana. Mume wangu hucheka kila kitu, kwa kazi hii hafai.

Hatua ya 7: Weka maneno ya kutafutia

Kila kauli ipe neno moja au mawili: *ndoa, deni, chakula, bosi, mvua, jirani*. Yasizidi mawili. Na yawe maneno utakayoyafikiria siku ukiwa na shida, si ya kitaalamu. Hakuna siku utaamka useme "natafuta kejeli". Utasema "natafuta kitu cha kumtumia mtu aliyechelewa kulipa." Hiyo ni *deni*. (*Kukopa harusi, kulipa matanga* iko hapo, kama ilivyo kwenye maduka nusu ya nchi.)

Wa daftari la karatasi, kuna njia ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyoichapisha mwaka 1686. Unatenga ukurasa wa fahirisi, kila neno la kutafutia unaliweka chini ya herufi yake ya kwanza na irabu inayofuata: *pesa* inakwenda P-e, *ndoa* inakwenda N-o, *uchoyo* U-o. Mbele yake unaandika namba ya ukurasa. Irabu zetu ni tano tu na zinasomwa zilivyo, ungedhani njia hii imetungwa kwa ajili yetu. Tatizo utaliona wiki ya pili: majirani, maji, mali, malezi, matusi na mapenzi yote yamerundikana M-a, huku kurasa nyingine tupu. Dawa ni kuondoa kiambishi: *jirani* aende J-i, *tusi* T-u, *penzi* P-e. Mimi ilinichukua daftari zima kugundua hilo, wewe umelipata kwa sentensi moja.

Hatua ya 8: Chimba kabla ya kutuma

Kuweka kwenye daftari lako ni jambo moja, kuisambaza ukisema "fulani alisema" ni jambo jingine. Kanuni yangu: jina likiwa kubwa kuliko maneno, shuku. Maneno yoyote yenye busara kidogo yakizunguka Tanzania kwa wiki mbili, ya tatu yanakuwa ya Mwalimu Nyerere. Yakizunguka nje yanakuwa "methali ya Kiafrika". Methali ya Kiafrika ya lugha gani? *Wapiganapo tembo nyasi huumia* ina lugha, nayo ni hii unayoisoma. Methali isiyo na lugha iweke pembeni kwanza.

Namna ya kuchimba:

a) Chukua maneno matano sita ya katikati, yaweke ndani ya alama za nukuu, utafute. Alama hizo huiambia mashine itafute maneno hayo kwa mpangilio huohuo.

b) Usiridhike na ukurasa wa kwanza. Tafuta wa zamani kuliko yote.

c) Uliza: kuna hotuba, gazeti, kitabu, tarehe? Picha nzuri ya mzee na maandishi meupe juu yake si chanzo.

d) Uliza yalisemwa kwa lugha gani. Hili linasahaulika sana. Maneno ya Nyerere juu ya mwenge wa Kilimanjaro kila mtoto wa shule ya msingi anayajua. Lakini mwaka 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, aliyasema kwa Kiingereza, na alichotaja ni mshumaa, kwamba wangependa kuuwasha na kuuweka juu ya mlima. Kwa Kiswahili mshumaa ukawa mwenge, na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda akaupandisha kweli kileleni. Yote mawili ni sahihi, ila ukinukuu sema unanukuu lipi. Na kusema kweli mshumaa juu ya Kibo, na upepo ule, ungekuwa na kazi.

Ukishindwa kupata chanzo, andika "sijui nani" na uitume hivyohivyo. Inachekesha vilevile.

Hatua ya 9: Waache watu wasio wa umma na faragha yao

Mbunge aliyesema bungeni amesema hadharani. Jirani aliyeandika kwenye kundi la mtaa saa sita usiku akiwa na hasira hakusema na nchi. Ya makundi ya WhatsApp hayatoki na majina, hayatoki na namba, na yakiwa na ugonjwa, msiba au ugomvi wa ndani ya nyumba hayatoki kabisa, hata kama ni dhahabu. Yabaki kwenye daftari.

Wachekeshaji na waandishi wanaoishi kwa kazi hiyo: mstari mmoja na jina lake. Ukianza kunakili ukurasa wake mzima si kukusanya tena, unamhamisha.

Hatua ya 10: Nakala ya pili

Mara moja kwa mwezi, nakili kila kitu kwenye faili moja la maandishi, ulitume kwenye barua pepe yako au uliweke kwenye flashi. Dakika mbili. Mwaka 2019 simu yangu ilishuka kwenye daladala bila mimi, ikiwa na kauli za miaka mitatu. Maandishi ya *Abiria chunga mzigo wako* yalikuwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, kwenye simu hiyohiyo.

Yakikwama

*"Tayari nina skrinshoti mia tisa, nianze nazo?"* Hapana. Anza na ya leo. Zile za zamani pitia kumi kila Jumapili wakati wa kuchuja. Ambazo hukumbuki zilichekesha nini, futa. Nyingi utazifuta.

*"Sina ninachokiona kinachochekesha."* Unasoma kwa haraka mno, au unasoma vitu vilivyoandikwa kuchekesha. Rudi hatua ya pili, chukua siku moja ya Bunge, tafuta Kicheko. Ukikosa, soma maoni ya watu walionunua mafeni.

*"Nikimtumia mtu hacheki."* Umemtumia kauli bila mazingira yake. Mpe nusu sentensi mbele: "Muuzaji wa kabati anasema…" Nusu tu. Ukimweleza mpaka mwisho kwa nini inachekesha, umeshaila mwenyewe.

*"Nimekuta maneno mazuri kwa lugha nyingine."* Weka ya lugha yake kwanza, tafsiri yako chini, na uandike kwamba tafsiri ni yako. Ikiwa utani uko kwenye mchezo wa maneno, usilazimishe. Andika tu "kwa Kiswahili haiji" uendelee.

*"Ukurasa umefutwa na sikuhifadhi."* Bandika anwani yake kwenye Wayback Machine, huenda mtu mwingine aliuhifadhi, au mashine yenyewe ilipita. Kama huna hata anwani, tafuta maneno ndani ya alama za nukuu. Ukikosa hapo, andika "chanzo kimefutwa" na tarehe uliyoiona.

*"Daftari langu zima ni siasa."* Litachuja lenyewe. Kauli za siasa huzeeka haraka kuliko maziwa. Jilazimishe kwa wiki mbili usichukue hata moja, uone unakwenda kusoma wapi.

*"Wa kwangu hawanielewi, wanasema napoteza muda."* Subiri ifike harusi, wakutafute wenye hotuba ya kutoa na hawana la kusema. Mwaka huu wamenijia watatu, na mmoja wao alikuwa shemeji.

*"Je, nikipata aliyesema ile ya mbuzi?"* Niambie.